Mifupa Chini ya Tuta

Kolwezi, 11 Oktoba 1992
Mvua ya kwanza leo, kidogo, ya kutudanganya. Naanza daftari hili kwa sababu mume wangu Beya amechoka kunisikia. “Andika,” alisema, “karatasi haina masikio.” Tangu aachishwe kazi pamoja na Wakasai wenzake, sisi wenye asili ya Kasai, anakaa mlangoni na redio isiyo na betri. Basi naandika. Natumia Kiswahili cha masista walionifundisha, maana kile cha mtaani nakihitaji kwa kugombana.

Nilimwita jirani yangu, Mama Bilonda, tujaze mifuko. Lupangu zetu mbili, yaani viwanja vyetu, ziko bega kwa bega kwenye mteremko. Juu kuna barabara ambayo mtaro wake umekufa. Nyuma ya nyumba, bondeni, kuna korongo ambalo kila msimu wa mvua linapanda kutufuata. Kinga yetu ni tuta moja la mifuko ya mchanga, mawe na mizizi ya matete, linalokata maji ya barabara na kuyapeleka pembeni. Nusu ni yangu, nusu ni ya Bilonda. Kila mwaka kabla ya mvua tunaliongeza, yeye na mimi, vitenge tumekaza kiunoni, tukiwasengenya wanaume.

Leo hakuja. Eti mgongo unamuuma. Mgongo! Jumamosi alicheza kwenye arusi mpaka viatu vikamtoka.

15 Oktoba
Sombe, yaani kisamvu, bei juu. Mihogo ya Sandoa haijafika.

28 Oktoba
Valérie, binti wa Bilonda, alikuja kununua mchicha, lengalenga kama tunavyouita hapa. Tumbo lake limeanza kuonekana. Aliyempa tumbo hilo yuko Dilolo anauza mafuta, atarudi siku Mungu akipenda. Valérie akachota udongo wangu kwa vidole.

“Mama Mianda, we unaweka nini mu bulongo yako? Ya kwetu iko nyekundu sawa tofali.”

Nilimwambia, na ninaandika hapa ili isemwe mara mbili. Tulipopewa lupangu hii ilikuwa nyekundu vilevile, jembe linaruka juu. Hakuna aliyenipa udongo mweusi. Udongo wa kichuguu niliubeba kichwani kutoka njia ya Kasaji. Nikatia majivu ya makaa, maganda ya mahindi, mavi ya mbuzi. Mifupa niliokota kwa mchinjaji. Mingine niliichoma na kuiponda, mingine niliizika nzima, itaoza ikitaka. Mungu aliumba nchi kavu kwa siku moja. Mimi kipande hiki kimenilia miaka yote ya ndoa yangu. Sasa ukichimba, mkono unaingia mpaka kiwiko na nyungunyungu wanakusalimu.

Valérie alicheka. Simchukii mtoto huyu. Siku anazaliwa, mikono yangu ndiyo iliyompokea, mama yake akinitukana kwa uchungu.

9 Novemba
Mvua kubwa. Korongo limekula mpera wa Bilonda, limeacha shimo lenye mizizi iliyoning'inia. Alisema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu yangezuiwa na mifuko ishirini.

22 Novemba
Séraphin, mwana wa Bilonda, ameingia kwenye vijana wa chama kinachotaka Wakasai tuondoke. Leo alipita barabarani na wenzake wakiimba kwamba sisi ni bilulu, wadudu, na wadudu wanafagiliwa. Nilitoka na mwiko mkononi.

“Séraphin! Kilulu aliyekupa uji wakati ya surua anakusalimia!”

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka, na Beya akanivuta ndani. Amenikasirikia kuliko alivyowakasirikia wao.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Wahenga hao hawakukaa Kolwezi. Hapa wanakwambia, tena kwa ngoma.

3 Desemba
Maji yameanza kutafuna tuta upande wa Bilonda. Nilimfuata jikoni kwake.

“Mama Bilonda, kuya tutie mifuko. Mayi iko naingia ku upande yako.”

“Mi siwezi. Séraphin anasema kazi ya pamoya na batu ya Kasai imeisha.”

“Na mayi? Mayi itauliza kabila mbele ya kupita?”

“Ee, sasa unanitisha? Kila siku we peke yako njo unajua, shiye hatujui kitu. Bulongo yako nzuri, batoto yako balisoma, kila kitu yako!”

Kumbe alikuwa ameyaweka hayo miaka yote tuliyokuwa tukicheka pamoja. Nilitoka bila kuaga.

25 Desemba
Noeli. Kila mwaka Bilonda hutuma sahani ya wali, nami namrudishia sahani na kuku. Mwaka huu sahani haikuja. Beya akasema basi tuanze sisi. Nilimwambia akaanze yeye, na asirudi.

14 Januari 1993
Valérie amejifungua mtoto wa kike. Nilisikia kilio chake cha kwanza kupitia ukuta. Nilikuwa nimeshachemsha maji, nimetafuta wembe mpya. Hakuna aliyeniita. Niliyamwaga maji.

Wamemwita Tatiana.

30 Januari
Mbwa wa nani sijui amefukua taya la mbuzi bustanini mwangu, lenye meno yote, akalipeleka mpaka mlangoni kwa Bilonda. Yowe alilopiga! Kabla sijavaa kandambili, lupangu ilikuwa imejaa watu.

“Iko dawa!” Bilonda alipiga kelele. “Njo maana bulongo yake iko nyeusi! Anazika bitu!”

Beya, maskini, alisimama katikati yao akaanza kueleza kwa upole. Mifupa ni chakula cha udongo, alisema. Udongo unaila polepole, halafu mimea inakula udongo. Walimtazama kama mtu anayekiri mbele ya hakimu. Mzee mmoja akauliza udongo wangu umekula mifupa ya nani mpaka sasa.

Mimi nilisema maneno mengine ambayo siyaandiki. Beya anasema yalizidisha mambo.

1 Februari
Hakuna anayenunua mchicha wangu tena. Ninaula mwenyewe, nitakuwa mbuzi.

12 Februari
Mvua siku nzima. Asubuhi nilikwenda kuongeza mifuko kwenye tuta, nusu yangu na nusu yake pia. Siyo kwa upendo. Maji yakivunja kwake yatageuka na kuja kwangu. Bilonda alinichungulia dirishani muda wote. Labda alidhani natia dawa nyingine.

Tuta limeshika.

7 Machi
Wakasai wa Likasi wameshafukuzwa, wanalala kwenye gare, stesheni ya treni. Beya ameuza redio.

21 Machi
Tuko gare. Nitaandika yote, nikiacha nitapasuka.

Walikuja wakati bukari, ugali wetu, iko motoni. Séraphin mbele, nyuma yake vijana ambao zamani waliniomba maembe. Alikuwa na fimbo lakini hakuiinua, alichorachora nayo chini kama mwanafunzi aliyesahau somo.

“Mama Mianda, mutoke. Treni itabapeleka kwenu.”

“Kwetu wapi?”

“Kasai.”

“Kasai mi sijafika hata siku moya. Nilizaliwa hapa, we ulizaliwa hapa, na mi niliona dada yako anatoka mu tumbo. Kwetu ni wapi, Séraphin?”

Akawageukia wenzake, na wenzake wakaingia ndani. Kitanda kilitoka, baiskeli ikatoka, sufuria ikatoka na bukari yake. Beya alikuwa anafunga godoro kwa kamba, kwa utaratibu, kama mtu anayesafiri kwa hiari yake. Nilitaka kumpiga yeye kwanza.

Ndipo Bilonda akaja. Hakunitazama usoni. Alikuwa anavuta pindo la kitenge chake.

“Mama Mianda. Séraphin anataka Valérie na mutoto bakae mu nyumba yako. Mi naogopa. Ile dawa, uliweka wapi? Uniambie, nakuomba.”

Aliniomba! Mwanawe ananitoa nyumbani kwangu, naye ananiomba nimsafishie nyumba kabla sijaondoka. Niliangalia bustani. Mchicha ulikuwa umesimama, nyanya zimeanza kuwa nyekundu. Nikaona atakayevuna. Nikasema moyoni, kama sili mimi, hali mtu.

Ningeweza kusema hakuna dawa. Nilisema hivyo tangu Januari na nani aliamini? Safari hii nilishusha sauti.

“Iko chini ya tuta. Pa katikati, juu ya bustani. Niliizika sana. Mukitaka kulala muzuri, muichimbe.”

Alishika kifua. “Aksanti,” akasema. Aliniambia asante!

Najua nilichokifanya. Atamtuma Séraphin achimbe. Tuta likifunguka pale, mvua moja kubwa inatosha. Maji ya barabara yatapita bustanini mpaka korongoni, na korongo litapanda kuyapokea. Udongo wangu utaondoka kama nilivyoondoka mimi. Niliipanda barabara na godoro kichwani na karibu niimbe.

24 Machi
Watu wengi mno, hata mahali pa kunyoosha mguu hakuna. Tumefunga shuka mbili kuwa paa. Treni hakuna.

29 Machi
Mvua. Beya anakohoa. Mtoto wa jirani zetu hapa amezikwa leo nyuma ya maghala. Udongo wa huko ni changarawe, walihangaika sana na shimo.

2 Aprili
Treni hakuna.

6 Aprili
Valérie amekuja, akipita kati ya mabunda ya watu na Tatiana mgongoni na kibakuli cha viazi vitamu. Alikuja kwa siri. Mama yake anadhani yuko sokoni.

“Tunakaa mu nyumba yako, mama. Nakula lengalenga yako. Unisamehe.”

Nilimwambia ale. Nilimchukua mtoto. Ana paji la Bilonda, bahati mbaya yake. Alinishika kidole akakinyonya.

“Munalala wapi?” niliuliza.

“Mu chumba ya nyuma. Baridi haiingii sana.”

Chumba cha nyuma ndicho kilicho upande wa korongo.

“Kesho Séraphin atachimba ile dawa,” akasema. “Mama hasinzii juu yake. Séraphin aliogopa, sasa amepata barafiki babili ba kumusaidia.”

Nyuma yake mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji, meusi, hayasogei. Neno lilikuwa mdomoni. Ningemwambia: Valérie, nilidanganya, mwambie mama yako asiguse tuta. Lakini nilikuwa na godoro lililoloa, mume anayekohoa, na yeye alikuwa anatoka kulala chini ya bati langu. Nikameza. Nilimwambia asante kwa viazi.

Jioni nilimweleza Beya, nikitegemea atanung'unika kama kawaida yake. Alijiinua kwenye godoro akanigeukia.

“Mianda,” alisema, “Tatiana hakukufukuza.”

9 Aprili, ndani ya treni
Mdomo umevimba lakini mkono unaandika.

Treni ilikuja tarehe saba asubuhi. Watu walipanda madirishani. Beya alipata pembe ya behewa la mizigo, akanivuta, nikakaa, na nikasikia ngurumo ya kwanza upande wa kwetu. Nikashuka. Beya hakunizuia. Aliniuliza tu kama nitarudi, nami nikamwambia alitandaze godoro mahali pangu mtu asipachukue.

Nilijifunika kitenge kichwani nikapita njia za nyuma. Nilipofika, Séraphin na rafiki zake walikuwa wamevua mashati. Tuta lilikuwa limefunguka upana wa mlango. Mizizi ya matete ilitupwa pembeni, na matone makubwa yalikuwa yameanza. Bilonda alisimama chini ya paa la nyumba yangu, mikono kichwani.

“Hakuna dawa!” nilipiga kelele. “Nilidanganya! Mujaze, mujaze mbio, mvua inakuya!”

Séraphin alinyoosha mgongo.

“Mumesikia? Anakuya kuilinda. Basi iko karibu.”

Wakachimba kwa nguvu zaidi. Nilishika mfuko niurudishe shimoni, mmoja akanisukuma nikakaa kwenye matope. Bilonda alinijia.

“Ulisema we mwenyewe, ku mudomo yako!”

“Nilisema kwa hasira! Nilitaka bulongo iende, musiikule!”

“Na leo unataka nini?”

“Mutoto atoke mu nyumba!”

“Mutoto!” Alirudi nyuma hatua mbili. “Uko nafanya nini na mutoto yangu?”

Nilikuwa nimesema ukweli mtupu na kila neno lilikuwa linanifunga zaidi. Uongo wangu waliupokea kwa asante. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kisha mvua ikafunguka kabisa. Maji ya barabara yalikuja ya rangi ya chai, yakasita kwenye tuta, yakaona mlango. Vijana waliruka pembeni. Yaliingia bustanini na udongo wangu ukaanza kuondoka, kwanza juu juu na mchicha wake, halafu kwa mabonge. Ulikuwa mweusi, mweusi, na mara ukawa mwekundu, ule wa siku tulipofika. Mifupa ikatokeza. Mbavu za mbuzi, fuvu la ng'ombe, vyote vyeupe, vikibingirika kuelekea bondeni.

“Dawa inatoka!” walilia. “Inatoka!”

Nyuma ya nyumba kingo za korongo zilikuwa zinaanguka, kipande baada ya kipande, na kila kipande kilikuwa karibu zaidi. Valérie alitokea mlangoni kutazama, mikono mitupu. Nilimwambia aende amchukue mtoto. Alimtazama mama yake, na mama yake akapiga kelele, “Usitoke na mutoto! Usimuonyeshe!”

Sikusema tena. Kusema kulikuwa kumenishinda. Nilimpita Valérie, nikaingia chumba cha nyuma. Simenti ya sakafu ilikuwa imepasuka ukuta hadi ukuta, na ufa ulikuwa unapumua. Tatiana alilala kwenye mkeka upande wa pili. Niliuruka ufa, nikamkamata kwa nguo kama kifurushi, nikatoka mbio.

“Mwizi!” Hiyo ni sauti ya Valérie, ambayo niliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. “Anaiba mutoto! Anaiba mutoto yangu!”

Nilipanda kwenda barabarani. Wote walinifuata: Valérie, Bilonda, Séraphin na jembe lake, wale wawili. Niliteleza, nikaanguka kwa goti, sikumwachia. Walinifikia juu, kwenye lami. Valérie alimnyakua mtoto, na Séraphin akanipiga mdomoni, nadhani kwa ngumi, nadhani mara mbili.

Ndipo tuliposikia. Ilikuwa kama lori linamwaga mawe. Tuligeuka. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshakwenda, na ukuta wa mbele ulikuwa umesimama peke yake na mlango wake wazi. Halafu nao ukalala. Bati liliteleza juu ya matope mpaka likatoweka. Lupangu yangu, bustani, nyumba, vyote vikawa ukingo mmoja mwekundu unaochuruzika maji, na ukingo huo ulikuwa umefika kwenye ukuta wa Bilonda.

Tatiana peke yake ndiye aliyekuwa akilia.

Bilonda aliangalia shimo, akaniangalia mimi. Damu ilikuwa inanishuka kidevuni na nilifikiri, sasa ataelewa, ana macho.

“Umeita korongo ikule nyumba,” alisema. “Na ulitaka kwenda na mutoto.”

Valérie alinitazama. Alitazama mahali chumba kilipokuwa, akamtazama mtoto, akanitazama tena, na najua alihesabu vizuri. Akafungua kinywa. Mama yake akamshika mkono. Akakifunga.

“Kwenda,” Séraphin aliniambia, lakini sauti haikuwa na nguvu. Nikaenda.

Treni ilikuwa bado imesimama, kama kawaida ya treni. Lakini habari ilikuwa na baiskeli, ilinitangulia. Wakasai wenzangu walinipisha njia ndani ya behewa, na haikuwa heshima. Beya alinifuta damu kwa shati lake. Tuliondoka giza likiingia.

Asubuhi ya leo mama mmoja aliyekaa ng'ambo ya godoro letu, Mkasai kama mimi, amefukuzwa kama mimi, aliniangalia muda mrefu. Mwanawe alikuwa amelala, mguu wake umegusa wangu.

“Mama,” aliniuliza polepole, “ni kweli we njo uliita ile korongo?”

Ningemweleza habari ya tuta, ya mbwa, ya sahani ya Noeli, ya maji niliyochemsha nikayamwaga.

“Ndiyo,” nikamwambia. “Ni mi.”

Akamvuta mwanawe upande wake.